Barua kwa Meya wa Mji wa Mfano

Kwa Mheshimiwa Meya,
Mji wa Mfano,
Juu ya Meza, Chumba cha Mtihani wa Udereva.

KUH: OMBI LA UKAAZI

Mheshimiwa,

Nakuita Meya kwa kuwa ugatuzi haujakufikia. Huku kwetu mameya walituaga baada ya uchaguzi wa 2013, tukapewa magavana 47, lakini wewe ungali unatawala mji wako uliochorwa juu ya ubao kwa amani, bila bunge la kaunti wala safari za mafunzo Dubai. Hilo pekee lingetosha kunifanya nifungashe virago nije. Kilichonivutia zaidi, hata hivyo, ni barabara zako.

Nimezizoea. Jioni baada ya kazi huwa tunauzunguka mji wako, wanafunzi wa shule ya udereva tunaojiandaa kwa mtihani, huku mwalimu akisukuma kigari cha plastiki kwa kijiti nasi tukiitikia kama watoto wa chekechea: natazama kulia, natazama kushoto, natazama tena kulia, barabara ikiwa wazi naingia. Na huwa wazi! Kwenye raundabauti nampisha anayetoka kulia, na hakuna anayetoka kulia. Kwenye reli nasimama, nasikiliza, na treni haijapata kupita tangu ubao ulipopigwa rangi. Taa zako za barabarani zinaonyesha nyekundu, manjano na kijani kwa wakati mmoja, na bado tunazitii zote tatu. Baa sijaiona. Shimo sijaliona. Aliyeegesha juu ya njia ya wapita njia na kuacha nambari ya simu kwenye kioo, huyo naye sijamwona.

Sasa nikueleze ninakotoka. Kitabu cha kanuni kinasema ishara ya polisi hushinda ishara ya taa, na katika hili Nairobi imefuzu kupita kiasi. Fika Uhuru Highway asubuhi: taa ni nyekundu, afisa anapunga mkono uende, nawe hutazami taa wala afisa, unatazama matatu iliyo mbele itafanya nini. Ikipanda ukingo, hujui kama uifuate au uisubiri. Swali hilo halimo mtihanini. Wala bodaboda hamo, ambaye huja kutoka kulia, kutoka kushoto na kutoka upande ambao kanuni yako ya kutazama mara tatu haikuufikiria.

Tuna kanuni zetu, usidhani hatuna. Anayekuja mbele akikuwashia taa mchana kweupe, ujue polisi wako baada ya kona. Lori likikuwashia indiketa ya kushoto kwenye mlima, dereva anakuambia pita, mbele ni kweupe. Akiwasha ya kulia, rudi nyuma yake utulie. Kitabu kinataka pembetatu ya kuakisi mwanga nyuma ya gari lililoharibika. Ukienda Nakuru utaona matawi ya miti yamelazwa barabarani, moja, jingine, jingine tena, na kila dereva anayasoma bila kufundishwa na mtu. Ama indiketa ya kubadilisha leni, hiyo tunaiogopa. Kwako ni taarifa. Huku ukiiwasha, aliye nyuma anakanyaga mafuta ili nafasi iishe kabla hujaingia.

Mtu ninayemkumbuka kwa kujaribu kutuletea katiba yako ni aliyekuwa waziri, John Michuki. Februari 2004 alidai mikanda kwenye kila kiti cha matatu, na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Matatu nyingi zilitoweka barabarani kwanza, watu wakaenda kazini kwa miguu, halafu zikarudi zimenyooka. Kwa muda mfupi Nairobi ilikaribia kufanana na ubao wako. Mikanda mingine ingalipo hadi leo. Abiria huivuta magotini polisi wanapoonekana, wakaishikilia kwa mkono kwa sababu mahali pa kuifungia palishang'oka zamani.

Baada ya ubao wako kuna sehemu ya pili ya mtihani, ya gari lenyewe, na siwezi kukuchosha nayo kwa kuwa nayo haichoshi. Unaingia kwenye gari lenye L nyekundu na breki ya pili upande wa mwalimu. Unaondoka, unaingiza gia ya pili, unageuka kushoto, unaegesha, unashuka, mwenzako anaingia kabla kiti hakijapoa. Gia ya tatu tunaachiwa tuigundue wenyewe maishani. Ukifaulu, leseni hiyohiyo inakuruhusu kuteremka Mai Mahiu usiku wa ukungu, trela moja mbele, jingine nyuma, na gari lako la gia ya pili katikati.

Ningekuwa nimeshatuma fomu za ukaazi, Mheshimiwa, ila kuna jambo linanisitisha. Watu wako wako wapi?

Nimetafuta. Una shule, lakini hakuna mtoto. Una hospitali yenye msalaba mwekundu na hakuna hata mgonjwa mmoja. Kivuko chako cha pundamilia kimepakwa vizuri kuliko chochote tulicho nacho, na tangu nianze masomo hakuna aliyekikanyaga. Mtu pekee aliyemo katika mafunzo yangu yote ni yule mchoro mweusi kwenye alama ya pembetatu nyekundu, na huyo ninaulizwa jina lake tu. Nchi hii miaka ya karibuni imekuwa ikizika zaidi ya watu 4,000 kila mwaka kutokana na ajali za barabarani, na kundi kubwa kuliko yote ni la wanaokwenda kwa miguu. Mtahiniwa anajibu kwamba mtembea kwa miguu ana haki ya kwanza kivukoni, anapewa alama zake, anakwenda zake. Kesho yake mtembea kwa miguu yuko kivukoni ameinua mkono kama anayeomba msaada, anavuka mbio, na akifika ng'ambo anampungia dereva kumshukuru kwa kutomgonga.

Kwa hiyo naondoa ombi la ukaazi na kuleta jingine dogo. Kamukunji wanauza vikaragosi vya plastiki kwa dazeni. Nunua. Weka mama katikati ya kivuko, na mfuko wa sukumawiki, na mtoto anayemvuta mkono arudi alikotoka. Weka bodaboda asiye na taa kwenye njia ya upande mmoja, akija upande usio wake. Toboa shimo, kisha weka tuta lisilopakwa rangi hatua mbili mbele yake. Halafu mkabidhi mtahiniwa kigari na umwache asukume mwenyewe, pasiwe na wimbo wa kulia, kushoto, kulia.

Atakayesimama, mpe leseni. Atakayemsogeza mama kando kwa kidole ili kigari kipite, mfelishe bila huruma, ingawa nakuonya kwamba huyo ndiye pekee aliye tayari kwa Nairobi.

Wako katika leni ya kushoto,

Mtahiniwa

Nakala: Dereva yeyote wa matatu aliyewahi kupita kwenye ubao huu, kama yupo.