Shingo Ikinona Tunaisifia

Jamani, hii tabia ya kumsifia mtu kwa kunona shingo tuiangalie upya. Hapa Tabora, iwe Ng'ambo au Isevya, mama akipita mbele ya kijiwe shingo imejaa pingili utasikia: "Shikamoo mama, umependeza, mzee anakutunza!" Mwanamume akiota kitambi anaitwa bosi hata kama hana genge la nyanya. Mtu akirudi safari amepungua, wanaanza kunong'ona anaumwa nini. Nasonya mimi! Mwaka 2016 wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, walipitia tafiti zaidi ya 1,000 wakataja saratani 13 zinazohusishwa na mafuta kuzidi mwilini. Ya tezi ya shingo imo.

Mzee wetu hapa kwenye kahawa kabisha palepale: "Mwanangu, shingo kuvimba si jambo geni. Hilo ni rovu, tumezaliwa tumelikuta." Ni kweli mzee wangu. Bara huku, mbali na bahari, ardhi na vyakula vyetu vina madini joto kidogo, na tezi ikiyakosa inajitanua ili iyasake. Babu zetu waliobeba mizigo kati ya hapa kwetu Unyanyembe na Ujiji walipitia Uvinza, kwenye chumvi inayochemshwa kutoka maji ya chemchemi. Chumvi ile ilikuwa na sifa, iliuzwa njia nzima ya misafara, lakini wakati huo hakuna aliyeitia madini joto. Miaka ya 1980 serikali ikagawa vidonge vya mafuta yenye madini joto kwenye wilaya zilizoathirika zaidi, na katikati ya miaka ya 1990 ikawa sheria chumvi ya kula itiwe madini hayo. Kufikia 2004, watoto wa shule waliokutwa na rovu nchini walikuwa chini ya asilimia 10. Hiyo ni kazi kubwa na inastahili heshima.

Lakini mzee, ndiyo maana jibu la zamani halitoshi tena. Rovu limepungua, unene unapanda. Mwaka 2004/05 wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliozidi uzito nchini walikuwa asilimia 18. Ilipofika 2015/16 wakawa 28. Mnyamwezi aliyetembea mpaka Bagamoyo na kilo 30 begani, leo mjukuu wake anapanda bodaboda kutoka stendi hadi sokoni, mkononi soda, jioni chipsi mayai. Simlaumu mtu. Kazi zimebadilika, vyakula vimebadilika, na macho yetu yamebaki kule kule ambako mnene ni mwenye neema.

Dada wa chapati akaniuliza, "Kwa hiyo kaka, kila mnene ana kansa ya shingo?" La hasha, na asitokee wa kuwatisha watu hivyo. Katika zile saratani 13, uhusiano wa tezi na unene ni miongoni mwa mahusiano madogo: hatari inapanda kwa kama sehemu moja ya kumi kila uzito ukipanda hatua kubwa. Saratani ya mji wa mimba ndiyo ya kutisha, mwanamke mnene kupindukia anaweza kuwa na hatari mara saba ya mwenzake. Ila kidogo si sifuri. Mafuta yakizidi, insulini inapanda kwenye damu, mwili unakaa kwenye uvimbe wa chini kwa chini usiokwisha, na homoni inayoisukuma tezi nayo huwa juu kidogo. Chembe zinazosukumwa miaka nenda miaka rudi zina nafasi zaidi ya kukosea zinapogawanyika.

Wapo pia wanaojitetea: "Unene wangu ni wa tezi." Wachache ni kweli. Tezi ikilegea inaongeza kilo chache, na nyingi kati ya hizo ni maji na chumvi. Kilo 30 za ziada usiitwishe tezi peke yake.

Kinachoniuma hasa ni hiki: shingo nono inaficha. Kivimbe cha ukubwa wa punje ya karanga kwenye shingo nyembamba kinaonekana mtu akimeza mate. Kwenye shingo iliyojaa, hata mkono wa daktari unaweza kukipita. Nasi tukikiona tunakiita mafuta, au tunasema karogwa, anapelekwa kwa mganga anapoteza miezi. Wanawake wanaugua saratani hii kama mara tatu ya wanaume, na ni hao hao tunaowapigia makofi kwa pingili!

Wala sisemi mji mzima upange foleni. Korea Kusini walipima shingo za watu wazima wasio na dalili yoyote. Ilipofika 2011 waliogunduliwa walikuwa mara 15 ya mwaka 1993, na idadi ya wanaokufa haikushuka. Wengi walikatwa tezi bure. Wa kwenda hospitali ni mwenye dalili: uvimbe unaopanda na kushuka ukimeza maji, sauti iliyokwaruza wiki kadhaa bila mafua, chakula kinachokwama. Simama mbele ya kioo, inua kidevu, kunywa maji, tazama. Vivimbe vingi si saratani. Daktari atapapasa, ataagiza damu na ultrasaundi, pengine achome sindano nyembamba kufyonza chembe. Ikiwa ndiyo yenyewe, aina iliyo ya kawaida zaidi ukiiwahi unaishi miaka mingi. Tezi inatolewa, unameza kidonge kila siku maisha yako yote.

Kwa matibabu makubwa safari ni hospitali ya Bugando kule Mwanza, au Ocean Road Dar es Salaam, na najua nauli hiyo inavyouma. Hospitali ya Kitete lakini ni hapa hapa. Basi vijana wa bodaboda mnaonisikia: mama akisema anataka kwenda kuonyesha shingo, mpakieni kwanza, habari ya hela mtaongea mkirudi.