Muulize Babu Shanta

Babu Shanta alibeba mizigo ya wageni Meru na Kilimanjaro mpaka magoti yakagoma. Sasa anauza mabegi ya mtumba soko la Tengeru kila Jumatano na Jumamosi, na hujibu matatizo yote ya wasomaji, hata yasiyohusu mabegi.

*Shikamoo Babu. Nimepata mchongo wa kitoweo huku juu, karibu na msitu. Ni mnyama mkubwa, jina lake siandiki. Nataka begi la mgongoni litakalochukua nyama yote safari moja na lisivuje. Nichukue la lita ngapi?*
— Mpambanaji, Maji ya Chai

Marahaba mjukuu. Lita tunapimia maziwa. Wewe piga hesabu ya kilo. Pofu dume aliyekomaa anaweza kufika kilo 700. Mchune, toa utumbo, mifupa waachie fisi, bado una mnofu wa zaidi ya kilo 200. Kilimanjaro mzigo wa mpagazi unapimwa getini, mwisho kilo 20. Kwa hiyo unahitaji wagumu kumi, na mimi sijawahi kuona wagumu kumi wakatunza siri.

Begi lenyewe nitakueleza, maana hapo umenigusa. Wawindaji wa Marekani, wale wanaomwangushia mnyama mbali na gari, wana begi ambalo mfuko wake unaachana na fremu. Nyama inakaa katikati, imebana mgongoni, na mkanda mpana wa kiunoni unauhamishia mzigo kwenye nyonga. Mabega yanashikilia tu lisiangukie nyuma. Mabegi hayo huja kwenye marobota na muuzaji hajui kazi yake. Moja nililikuta likinadiwa kuwa ni la kubebea mtoto.

Ukilipata, usilipime likiwa tupu. Azima kiroba cha sembe cha kilo 25 duka la jirani, kitumbukize, funga mkanda juu ya mifupa ya nyonga ndipo ukaze ile ya mabega. Nenda mpaka barabara kuu urudi. Kama mabega hayajakatika, begi limekukubali. Kama shingo inatangulia mwili kama kobe, liache. Na sembe rudisha, mwenye duka ananijua mimi.

Hilo la kutovuja umelipata wapi? Nyama yenye joto la mwili wa mnyama ukiifungia kwenye plastiki inaanza kuharibika wewe bado unatafuta njia. Inataka mfuko wa marekani, ile pamba nyepesi, ipate hewa na nzi wasiifikie.

Sasa tuje kwenye tatizo lako, ulilolificha ndani ya neno "mchongo". Mnyama huyo ana mwenyewe. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kama huna leseni, mnofu huo mahakamani hauitwi kitoweo, unaitwa nyara za serikali, na wapo waliokula mvua 20 kwa vipande visivyojaza sufuria. Tangu 2020 kuna kanuni za bucha za nyamapori zenye kibali. Unanunua kilo yako, unachukua risiti, unaondoka nayo mkononi. Kilo moja haihitaji fremu.

*Babu, mume wangu kanunua begi la mabaka mabaka, lina mifuko 14. Anasema ni la kuwindia. Huyu mtu hajawahi kuchinja hata kuku. Nimwache?*
— Mama Wawili, Nkoaranga

Mwanangu, mume usimwache. Begi ndilo aliache. Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku saba, raia wenye sare za jeshi au mavazi yanayofanana nazo wazisalimishe. Siku hiyohiyo niliondoa mabegi manne mezani kwangu, sikungoja kuuliza kama begi ni vazi. Huko yalikotoka, mabaka ni ya kumdanganya paa. Huku atakayeyatazama kwanza si paa.

Jumapili mfungulie jogoo mmoja. Akimkamata kabla ya chakula cha mchana, tutazungumza habari za kuwinda.

*Nilipanda basi la Dar na paja la mbuzi ndani ya begi la shule la mwanangu, nikaliweka juu kwenye keria ya ndani. Tulipofika Korogwe likaanza kumdondokea dada aliyekaa chini yake. Begi gani halidondoshi?*
— Mjomba, Usa River

Hakuna. Paja ligandishe usiku kucha, livingirishe magazeti, kisha kitenge kikuukuu, na liweke miguuni pako, si juu ya kichwa cha mtu. Lakini Mjomba, barua yako nzima (nimeifupisha) ina mistari tisa ya paja na begi. Yule dada na gauni lake hawana hata mmoja. Ulimwomba radhi?

*Babu, ni mimi tena wa Maji ya Chai. Mchongo umekufa. Ila begi nimeshalinunua, lile la fremu. Nilitumie kubebea nini?*

Ndizi. Mkungu mzima unakaa wima kwenye fremu hiyo, na sokoni hakuna atakayekuuliza leseni. Lilete Jumamosi niuone huo mkanda. Lije tupu.