Ticha Bomba

Wako waliousifu Mlima Meru, nao unastahili: mita 4,562, ubavu mmoja umebomoka kama chungu kilichoangushwa, na mara ya mwisho kutoa moto ilikuwa 1910. Tangu hapo kazi ya kutoa moto Arusha ilikaa bila mtu kwa zaidi ya karne. Mwaka jana nilifunga bomba jipya la moshi kwenye pikipiki yangu, na nafasi ikajazwa.

Leo nalisifu bomba hilo, maana nisipolisifu mimi hakuna mwingine atakayethubutu kulisogelea.

Sifa yake kuu ni ualimu. Nchi hii ina Mwalimu mmoja na kila mtu anamjua, kwa hiyo cheo hicho sitalipa bomba. Tuliite ticha. Ticha Bomba ana somo moja tu: abiria hushukia kushoto. Sisi huendesha kushoto. Ukishukia huko unakanyaga ukingo wa barabara, ukishukia kulia umeikabidhi roho yako kwa Hiace inayokuja. Hilo limehubiriwa miaka mingi, kwa mabango, kwa semina, kwa wiki ya usalama barabarani na fulana zake za bure, na abiria wa Arusha akaendelea kushukia kokote mguu ulikompeleka. Kumbe waliounda pikipiki walikwisha kuweka bomba upande wa kulia. Shule ilikuwepo, ilingoja wanafunzi tu.

Na ticha wa namna hii utampata wapi? Hatozi ada, hadai mchango wa uji, hana tuisheni ya Jumamosi. Mama wa vitunguu wa Kilombero na mhasibu wa Njiro huwakalisha dawati moja. Hufundisha, husahihisha na kutunuku ndani ya sekunde moja, na cheti hukipiga muhuri papo hapo, upande wa ndani wa kigimbi cha mguu wa kulia: doa la ukubwa wa yai, jekundu mwezi wa kwanza, la kahawia miaka inayofuata. Cheti hicho hakipotei kwenye mafuriko. Hakiliwi na mchwa. Mwaka 2017 Serikali ilipohakiki vyeti vya watumishi, zaidi ya 9,000 walikutwa na vya kughushi. Cha Ticha Bomba sijasikia mtu aliyekighushi. Mhitimu wake utamjua hata baada ya miaka ishirini, kwa jinsi anavyoshuka pale Sanawari taratibu, macho chini, kama anayetoka kupokea komunyo.

Mhitimu wake bora ni mke wangu. Aliandikishwa Jumatatu, akafuzu Jumatatu hiyo hiyo, na hakusema nami hadi Ijumaa.

Jirani mmoja alikimbilia dawa ya meno, mwingine akaleta yai. Nikawaomba wasimame, nikamshika mguu chini ya maji baridi yanayotiririka, dakika ishirini. Yaani jeraha la bomba lilitibiwa kwa maji ya bomba. Nilidhani ameliona hilo. Hakucheka.

Fadhila nyingine nazitaja kwa kupita. Julai, Ngaramtoni ikiwa imefunikwa na ukungu, hukausha soksi. Mwizi hawezi kulifungua kabla ya nusu saa kupita. Tena hujipaka rangi lenyewe, bure: lilikuja jeupe kama fedha, likawa manjano, likawa zambarau, likaishia buluu.

Buluu hiyo ndiyo iliyonipeleka kwa mafundi. Chuma cha kawaida huanza kugeuka manjano kwenye joto la nyuzi 220 hivi, na kufika buluu karibu na 300. Kwa hiyo bomba lilikuwa likinieleza habari zake kwa rangi, kama chati ya mgonjwa kitandani. Ilibaki kupata wa kuisoma.

Fundi wa kwanza ndiye aliyeniuzia. Alilitazama kwa mbali kidogo, akasema, “Kawaida hiyo, mshua. Bomba jipya lazima lichemke. Likizoea litatulia.” Nikalipa wiki mbili lizoee. Halikuzoea.

Wa pili aliusingizia mlima. Arusha iko juu, alisema, mita 1,400 hivi, hewa nyepesi, ndiyo inayochoma bomba. Nilivutiwa sana na maelezo yale hadi nilipofika nyumbani. Hewa ikiwa nyepesi, kabureta iliyopimwa kwa ajili ya pwani hutoa petroli iliyozidi hewa iliyopo, na plagi huwa nyeusi kwa masizi. Mlima ulikuwa ukijitahidi kunipoza. Meru inasingiziwa mengi.

Wa tatu alibadili oili. Kisha akabadili plagi. Ile kuukuu aliichomoa, akaigeuza mkononi, nami nikaiona: nyeupe kama imechovywa kwenye unga wa dona. Akaitupa vumbini. Akaniomba elfu thelathini.

Hapa naomba radhi, sifa zinanikwama kooni. Plagi nyeupe! Ndiyo majibu ya maabara yenyewe! Mtu ameyashika mkononi, ameyageuza, ameyatupa, halafu anadai hela, na nikimuuliza mbona bado linachemka ananijibu neno lile lile la mwenzake: kawaida.

Basi nilijifunza mwenyewe, kwa hasira. Ili petroli iungue sawasawa, kilo moja yake inataka hewa kilo 14.7 hivi. Bomba la kiwandani ndani lina vyumba na vizuizi. Langu jipya ndani ni uwazi mtupu, ndiyo maana linanguruma. Moshi ukitoka kwa urahisi, injini huvuta hewa nyingi zaidi, lakini kabureta bado inapima petroli kwa kitundu kile kile cha jeti ya zamani. Mchanganyiko unakonda, joto linapanda. Kumbe tena gasketi pale bomba linapoungana na injini ilikuwa ya zamani, imebonyea. Hewa ilipenya hapo, mabaki ya petroli yakawaka ndani ya bomba lenyewe. Hiyo ndiyo ile pa! pa! pa! ukiachia mafuta kwenye mteremko wa Ilboru. Machalii wa kijiweni huiita risasi, na wengine hulipa ziada wafungiwe. Wanalipia ugonjwa.

Lakini mafundi sitawaonea peke yao. Muuguzi aliyemfunga mke wangu kidonda alisema haya ya ekzosi ni kawaida, mke wangu ni wa tatu asubuhi ile. Nilipokwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kulalamikia pikipiki inayopita saa nane za usiku ikipiga risasi (sikutaja kwamba na mimi ninalo bomba la aina hiyo), alicheka: kawaida, vijana wanatafuta riziki. Msimu wa kampeni, mabomba hayo hayo hujaziwa petroli ya bure yamsindikize mgombea kutoka Usa River hadi mjini, na ngurumo inakuwa shangwe za kawaida za wananchi. Kura zikishahesabiwa, madereva wale wale hukamatwa kwa kelele zile zile, kwenye msako, nao tunaambiwa ni wa kawaida.

Kwa Kiswahili cha mjini kwetu, kawaida maana yake ni: nimeona, usinisumbue. Katika orodha yote hiyo ya wenye bisibisi, bandeji, mihuri na vipaza sauti, ni bomba peke yake lililokataa kulitamka neno hilo. Lilibadilika rangi hadharani. Lilipiga kelele. Liliunguza watu. Sijui lingefanya nini tena.

Fundi wa nne ni mzee wa Tengeru, anafanyia kazi chini ya mti, hana kibao. Hakugusa kitu. Aliuliza, “Kabla halijaanza kuchemka, ulibadilisha nini?” Nilikuwa nimezunguka miezi miwili bila kuulizwa hivyo. Akaweka jeti kubwa kwa namba moja na gasketi mpya ya shaba, kazi ya nusu saa, bei ndogo kuliko oili niliyouziwa bure. Baada ya wiki tuliichomoa plagi: rangi ya chai ya maziwa. Risasi zikakoma.

Kisha akanionyesha jambo la mwisho. Bomba la kiwandani lina kinga ya bati iliyoachwa mwanya, mguu usifikie chuma chenyewe. Hili halina. “Hata likipoa hivi,” alisema, “litachoma tu.”

Nimerudisha la zamani, na jeti yake. Jipya liko stoo, ni la buluu, linauzwa, na jeti kubwa naitoa bure. Bei tutaelewana. Ukija na bodaboda, shukia kushoto.