Barua ya Wazi kwa Wagawa Nyota

Kwa Wataalamu wa Uhakiki Ubora,
Wizara ya Afya, Dodoma.

YAH: PONGEZI KWA SANDUKU LA MAONI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wa Nyanungu, Tarime, tunaopakana na Hifadhi ya Serengeti, tunawapongeza. Mlipoanza kuvipa vituo vya afya nyota, mwaka 2015/16, takriban theluthi moja nchini viliambulia sifuri. Mliporudi 2017/18, vya sifuri vilibaki karibu 4 tu katika kila 100. Kweli nchi imeng'ara.

Ninayo zahanati moja akilini. Siitaji, isije ikanyang'anywa nyota. Sanduku lake la maoni lina kufuli imara, na ufunguo anao mganga mfawidhi, yaani yuleyule anayelalamikiwa. Mkataba wa huduma kwa mteja umebandikwa ukutani, palepale anapoegemea mama mwenye uchungu akisubiri nesi aitwe kutoka nyumbani. Zile S tano za kupanga mahali pa kazi nazo zimetimia: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Kabati la dawa limesasambuliwa mpaka limebaki rafu.

Huku kwetu tembo wakishavamia shamba, hatuhesabu mabati tuliyogonga kuwafukuza. Tunahesabu mahindi yaliyosalia.

Basi tunaomba, kwa unyenyekevu unaostahili ofisi kubwa, mhesabu siku ambazo amoksilini ya watoto haikuwepo dirishani. Najua namba hiyo haipendezi kwenye projekta. Lakini ikipanda, kila mtu anajua la kufanya kesho yake: nani achelewe kusifiwa, na oda ya Bohari ya Dawa itangulizwe lini. Nyota ikishuka kutoka tatu hadi mbili tufanye nini, tuipake rangi? Mkipata nafasi, ulizeni pia mjamzito alikaa dakika ngapi kabla ya kupimwa presha, na kati ya waliopewa rufaa usiku, wakapakizwa bodaboda, ni wangapi walifika. Kuandika walioondoka ni rahisi. Hata kondakta wa basi anaweza.

Msituongezee fomu, tafadhali. Nesi aliye peke yake zamu nzima akijaza viashiria hamsini, wagonjwa watakaosubiri nje watakuwa kiashiria cha hamsini na moja.

Ukaguzi ujao msitume barua ya kutuarifu. Njoeni saa nane usiku, mkiwa na mtoto mwenye homa.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Nyanungu