Kisima cha Kisauni Hakitaki Mita Nyingi

Mfyuu! Mtu anauza shamba la urithi, analeta mashine, mtaa mzima haupumui kwa ngurumo na vumbi, halafu akija kijiweni sifa yake ni moja tu: "Fundi ameshuka mita 60." Ameshuka kwenda wapi, jamaa zangu? Hapa ni Kisauni. Kule bara kwenye mwamba mgumu unaweza kupita mita 100 na bado ukawa unatafuta. Huku kwetu ukishuka hivyo, maji matamu umeshayapita zamani, uko baharini.

Nasema kwa uchungu kwa sababu jirani wa Mtopanga amefanyiwa haya tukiona. Kifusi kilipangwa vizuri kando ya ukuta, kila mita na fungu lake: mchanga mwekundu, kisha mchanga uliochanganyika na udongo, kisha unga mweupe wa matumbawe. Fungu moja la ule unga lilikuja limelowa. Maji ndiyo hayo. Watu wakachota kwa kikombe, wakaonja, matamu. Fundi akasimama? Wapi! Alikuwa analipwa kwa mita, na hakuna aliyemwambia basi. Leo maji ya kisima kile ni ya kudekia tu, na mama mwenye nyumba ananunua mitungi kwa wa mkokoteni kama zamani.

Na ardhi hii inajulikana. P. V. Caswell aliieleza kwenye ripoti ya jiolojia ya Mombasa na Kwale ya mwaka 1953. Kandokando ya bahari, Nyali mpaka Bamburi na Shanzu, ni matumbawe ya kale yaliyojengeka wakati bahari iko juu kuliko leo. Nyuma yake kuna mchanga. Ng'ambo ya Tudor, Changamwe, ni mwamba wa tope lililogandamana, hapo maji ni shida kabisa. Sisi wa mchanga na matumbawe tuna bahati: mvua inazama moja kwa moja, na maji yake, kwa kuwa ni mepesi, yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini yetu, kama mafuta juu ya mchuzi.

Hesabu yake Mjerumani Herzberg aliichapisha tangu 1901: maji matamu yakisimama mita 1 juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo kuna kama mita 40 nyingine. Sasa sikiliza vizuri. Kama kwenu yamesimama nusu mita tu, una mita 20 hivi, ndiyo akiba yako yote. Pampu kubwa ikiyashusha robo mita na ikaendelea kuvuta, chumvi itapanda pole pole kama mita 10 kuifuata. Kwa hiyo anayekuuzia pampu ya nguvu anakuuzia chumvi. Nunua ndogo, ivute kidogo kidogo, tangi lijae usiku.

Kina chenyewe kinategemea kimo cha kiwanja chako. Nyumba ikiwa mita 15 juu ya bahari, maji utayakuta karibu na hizo mita 15. Ongeza kidogo pampu ipate kuzama, simamisha mashine, lipa watu waende zao. Asiyeamini aende Haller Park pale Bamburi. Kiwanda cha saruji kilichimba matumbawe mpaka karibu na maji, na René Haller alipoanza kupanda miti mle shimoni mwaka 1971, mingi ilikufa kwa ukavu wa jiwe na chumvi. Mvinje ukastahimili.

Wala chumvi haihitaji kuwa nyingi. Ndani ya mtungi wa lita 20, mchanganyiko wa nusu lita hivi ya maji ya bahari unatosha kuharibu chai. Ila tusichanganye mambo: ule ukoko mweupe kwenye birika ni chokaa ya matumbawe, si chumvi ya bahari, ingawa yote mawili yanainyima sabuni povu. Kipimo kidogo cha jinsi maji yanavyopitisha umeme kinakwambia mara moja chumvi imepanda au haijapanda. Mwenye mashine awe nacho, apime kila baada ya mita chache, na mkataba useme wazi kwamba kipimo kikianza kupanda, kazi inasimama na hakuna malipo ya mita za ziada. Na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kitoke kabla mashine haijafika, pamoja na ripoti ya mpimaji aliyesajiliwa. Yule wa kutembea na kijiti mkononi hawezi kukuonyesha chumvi iko wapi.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni choo. Mwaka 2006 Daniel Munga na wenzake walichapisha utafiti wao kuhusu maji ya chini ya Kisauni hii hii, na uchafu wa vyoo umo visimani. Mchanga huchuja kidogo, matumbawe yana matundu, maji yanapita tu. Ploti ya futi hamsini kwa mia ni mita 15 kwa 30. Pembe kwa pembe ni mita 34. Ukitaka mita 30 kati ya kisima na choo, basi kimoja pembe hii, kingine pembe ile, na nyuma ya ukuta wako choo cha jirani kiko mita 3! Tunapima kwetu, kwa jirani hatuchungulii. Zunguka kwanza, bisha hodi, uliza shimo la kila mtu liko wapi, ndipo uweke alama.

Najua kwa nini watu wanachimba. Mferejini tunangojea maji ya Baricho na ya bomba la Mzima la tangu 1957, na mji umekua mara ngapi tangu hapo. Chimbeni. Ila maji ya kisima cha karibu na vyoo, kuchemsha kunaua vijidudu tu. Naitreti inayotokana na uchafu huo wa vyoo haitoki, inazidi kukolea, na mtoto wa miezi michache ndiye inayemdhuru. Uji na maziwa yake yapikwe kwa maji ya mfereji, hata kama yanatoka mara moja kwa wiki.