Sifa za Karatasi Inayozunguka

Mshereheshaji husifiwa. Mapambo husifiwa. Mgeni rasmi husifiwa hata kabla hajafika, na akichelewa saa mbili husifiwa zaidi, kwa kuwa pamoja na majukumu yake mazito ametupatia nafasi. Mpishi wa supu ya saa nne naye huombewa makofi. Lakini katika miaka yangu yote ya kupanga warsha, semina na makongamano, sijamsikia mtu akisimama na kuiombea karatasi ya mahudhurio makofi ya kilo. Leo nalipa deni hilo.

Mnaifahamu. Ni A4 iliyolazwa ubavu, imepigwa mistari, na juu imeandikwa jina la warsha, ambalo huwa refu kuliko warsha yenyewe. Namba, jina, taasisi, cheo, simu, baruapepe, sahihi. Safu ya baruapepe ni nyembamba kama ufa wa mlango, wakati safu ya namba, inayobeba tarakimu mbili tu, ina nafasi ya kulaza mtoto. Hakuna anayejua nani aliipanga hivyo. Kila ofisi imenakili ya mwenzake, na nina hakika wajukuu zetu watairithi ikiwa na vipimo vilevile.

Tazameni mwendo wake. Inaanzia mstari wa mbele, kushoto, mtoa mada akiwa kwenye slaidi ya tatu. Haina haraka. Inapita mkono kwa mkono kama kitezo cha udi harusini, na kila inapokaribia, watu hujiweka sawa. Waliokuwa wamesinzia huamka bila kuguswa.

"Dada, imeshapita huku?"

"Bado, kaka. Iko kwa mzee pale, mwenye kofia."

"Anaandika nini muda wote huo?"

Muulizaji huyo hajauliza swali lolote tangu asubuhi. Mtoa mada, ambaye amesafiri kutoka mbali na ana shahada mbili, anaona shingo zinageuka anadhani ni hoja yake imegusa watu. Tumwache hivyohivyo, kila mtu anahitaji kitu cha kurudi nacho nyumbani.

Halafu kuna elimu iliyomo ndani yake. Mimi husoma karatasi ya mahudhurio kama wengine wanavyosoma riwaya. Profesa huandika jina kwa mkwaruzo mmoja, kwa imani kwamba dunia nzima inamjua. Kijana aliyeajiriwa mwezi uliopita huandika kwa herufi kubwa, majina matatu, kama anajaza fomu ya mtihani wa taifa. Safu ya cheo ndiyo yenye tamthilia. Wa kwanza akiandika "Afisa", wanaofuata wote ni maafisa, amani imetawala. Akitokea mmoja akaandika "Mkurugenzi", basi chini yake wanazaliwa makaimu wakurugenzi, waratibu wakuu na washauri waandamizi, na mtu aliyeamka asubuhi akiwa mtunza stoo anafika chai akiwa msimamizi wa rasilimali. Hakuna serikali inayopandisha watu vyeo kwa kasi hiyo.

Mgeni rasmi peke yake haisaini. Huyo huletewa kitabu cha wageni chenye jalada gumu, kalamu yake haina uzi, na mpiga picha husubiri aweke nukta. Ndiyo maana viongozi wetu wengi hawajui jinsi tunavyoishi.

Wapinzani wa karatasi yangu, na wapo, hupenda kunikumbusha habari za Mangungo. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa sisi ambao nusu ya warsha zetu hufanyika Morogoro. Novemba 1884 Mjerumani Karl Peters alishuka Saadani, akapanda bara hadi Usagara na karatasi zake mkobani. Kule Msowero, ambako leo ni Kilosa, katika mkoa huohuo wa Morogoro wa warsha zetu, Chifu Mangungo aliweka alama yake chini ya maandishi ya Kijerumani asiyoweza kuyasoma. Mwezi huohuo, huko Berlin, Bismarck alikuwa amewakusanya wajumbe wa nchi 14 kuzungumzia bara letu. Mkutano ule ulidumu hadi Februari 26, 1885, na orodha ya mahudhurio haikuletwa huku. Hata Sultani Barghash wa Unguja, aliyehesabu pwani yote hii kuwa yake, hakuwa na kiti. Kesho yake, Februari 27, Peters akapewa hati ya ulinzi ya Kaiser kwa nchi alizokusanyia alama. Ndiyo maana huku Tanzania mtu akisaini bila kusoma huitwa Mangungo.

Sasa wananiuliza: nani kati ya washiriki wako husoma kichwa cha karatasi kabla ya kutia sahihi? Hakuna. Nakiri. Nimewahi kumkuta mfugaji nyuki amesaini warsha ya usalama wa mtandao iliyokuwa ukumbi wa jirani. Alikaa siku nzima, na kwenye fomu ya tathmini akaandika kwamba mada zimemsaidia sana. Lakini angalieni tofauti. Karatasi ya Peters ilimnyang'anya mtu nchi yake. Ya kwangu haimtaki mtu atoe chochote, wala akubali chochote. Inataka akiri tu kwamba alikuwepo, na wakati mwingine haikazanii hata hilo. Mfugaji nyuki aliondoka na nauli, begi la kitambaa na kalamu. Mangungo angepewa masharti hayo, leo tusingekuwa na la kumsimanga.

Kuhusu kutokuwepo, ndiyo, kuna watu wa "nisainie". Mtu hupiga simu saa tatu na nusu akiwa Chalinze: foleni, gari limeharibika, mama mkwe anaumwa, nisainie ndugu yangu, nakuja mchana. Wakali wa maadili hulia sana juu ya jambo hili. Mimi naona ni heshima. Katiba ya Kenya inataka wabunge 50 wawemo ndani ili Bunge la Taifa lifanye kazi. Ya Tanzania inataka nusu ya wabunge wote. Kote huko wanahesabu vichwa, na vichwa ni vigumu kukusanya. Karatasi yetu inahesabu majina, na majina hayakwami foleni. Akidi yetu haijawahi kukosekana.

Watu husifia majumba. Nairobi ina KICC, lililokamilika mwaka 1973 na mwaka huohuo likapokea mkutano wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Arusha ina AICC, na historia yake huwa inanichekesha kila nikipita getini: makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, jumuiya ikavunjika mwaka 1977, mwaka uliofuata jengo likageuzwa kituo cha mikutano. Nchi tatu zilishindwa kukaa pamoja, likaanza kukodishwa kwa wanaotaka kukaa pamoja. Majumba mazuri. Lakini nipe KICC lote bila karatasi ya mahudhurio, nami nitakuonyesha watu waliokusanyika kukwepa mvua. Nipe karatasi chini ya mwembe, hiyo ni warsha, na mhasibu ataitambua.

Hapo ndipo nguvu yake ilipo, kwa mhasibu. Asiyewahi kuchukua masurufu hajui hofu. Unapewa fedha, unasaini kwamba umezipokea, na kuanzia dakika hiyo wewe ni mshukiwa hadi urejeshe masurufu na vielelezo vyake vyote. Kielelezo cha kwanza ni karatasi ya mahudhurio. Bila hiyo, supu haikunywewa.

Mwaka fulani niliandaa warsha ya siku mbili Morogoro kwa ajili ya mradi ambao sitautaja. Washiriki 41. Mambo yalikwenda: projekta ilikubali mara ya tatu, kipaza sauti kilipiga kelele mara mbili tu, na tukatoka na maazimio kumi na mawili. Jioni ya siku ya pili, wakati wa kufungasha, mama mmoja mshiriki alimwomba mhudumu amfungie vitumbua vilivyobaki awapelekee wajukuu. Mhudumu alikuwa mwungwana, akachukua karatasi ya kwanza aliyoiona mezani. Vitumbua vikaondoka na siku nzima ya kwanza.

"Hawa watu walikula?" mhasibu aliniuliza.

"Walikula, mzee."

"Nani kasema?"

Nikatoa picha. Washiriki wakiwa na vikombe mkononi, washiriki wakicheka, mshiriki mmoja mdomo umejaa. Akazitazama zote kwa utulivu, moja baada ya moja, kisha akasema picha haina sahihi.

Nilizunguka wiki mbili, wilaya nne, nikiwatafuta watu wazima wathibitishe kwamba walikuwa hai siku ya Jumanne. Mmoja alisema hakumbuki kama alikuja. Nikamwonyesha picha, yule mwenye mdomo uliojaa alikuwa yeye. Akasaini, kisha akauliza kwa upole kama sahihi mpya ina posho mpya. Mama wa vitumbua alisaini akicheka, akanipa na ndizi. Nauli niliyotumia sikurudishiwa hadi leo, maana safari yangu haikuwa na karatasi ya mahudhurio.

Na yale maazimio kumi na mawili? Hakuna aliyewahi kuniuliza yako wapi.

Wenye maonyesho wanaijua siri hii kuliko sisi. Nenda viwanja vya Sabasaba, Barabara ya Kilwa, siku zozote za kuelekea Julai 7. Kila banda lina meza, kwenye meza kuna vipeperushi, bakuli la pipi, na kitabu cha wageni, ambacho ni ile karatasi yangu ikiwa imeolewa na kujengewa nyumba. "Karibu mama, karibu banda letu, andika jina kidogo tu." Mama alikuwa akipita kwenda kutafuta choo. Anaandika. Baadaye hufika wanafunzi wa shule ya msingi, mia na zaidi, na mwalimu wao; wanapanga mstari na kuandika majina yote, kurasa tano, safu ya taasisi ikijazwa jina la shule moja. Ofisa wa banda anawatazama kwa mapenzi ambayo wazazi wao hawajawahi kuwaonyesha. Ripoti imeshajiandika: banda lilitembelewa na wadau wengi, hususan vijana.

Karatasi yangu imepita kwenye majaribu. Mwishoni mwa 2015 Rais John Magufuli aliingia Ikulu akakaza mkono kwenye safari, posho na vikao vya hotelini. Tuliokuwa tukiishi kwa semina tulivaa nyuso za msiba. Hoteli zikapoteza wateja, mapambo yakapungua, supu ikageuka chai ya rangi na mhogo. Karatasi ikahamia ukumbi wa halmashauri, ikalala juu ya meza yenye vumbi, ikasainiwa kama kawaida. Ikaja 2020, korona, mikutano ya Zoom. Nikasema sasa basi, marehemu. Wiki ya kwanza tu mwenyekiti akatamka: "Ndugu wajumbe, kila mmoja aandike jina, taasisi na namba ya simu kwenye sehemu ya ujumbe." Haikuwa na mwili tena, lakini safu zake zilikuwa palepale.

Simu za mkononi nazo zilikuja kama adui, zikaishia kuwa watumishi wake. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, Tanzania mwaka uliofuata, na bahasha ya kahawia ikaanza kupotea taratibu kwenye semina zetu. Nauli sasa inatumwa kwenye namba uliyoiandika, kwa jina lililosajiliwa. Ndiyo sababu siku hizi watu wetu wana mwandiko mzuri. Walimu walihangaika miaka saba kuwafundisha watoto kutofautisha 1 na 7, wasifaulu. Safu ya simu imefaulu kwa mchana mmoja. Nimemwona mkurugenzi mzima akirudi kutoka kwenye gari lake, dereva amewasha tayari, ili kuongeza mkia kwenye tisa yake.

Peni ndiyo maumivu yangu pekee. Karatasi hurudi, peni hairudi. Naanza na nane asubuhi, saa sita nina moja, isiyo na kifuniko, na jino la mtu limeacha alama. Sijawahi kumkamata mwizi, kwa sababu wote ni watu wa heshima na vyeo vyao nimeviona.

Kesho alfajiri natoka tena kwenda Morogoro, siku tatu, washiriki 50. Nimechapisha nakala kumi na mbili, nne za kila siku, na kuongeza safu mpya ya sahihi ya jioni kwa ajili ya wanaotoroka baada ya chakula cha mchana. Kila inapojaa nitaipiga picha kwa simu, kisha niiweke kwenye begi ninalolalia. Vitumbua nimeviondoa kwenye orodha ya vitafunwa. Peni nimeifunga kwa uzi wa kushonea viatu, mafundo matatu.

Fundi viatu aliyeniuzia uzi aliuliza ni wa kufungia nini. Nilipomweleza, akataka kujua kama nafasi za washiriki bado zipo.