Koti la Mama na Namba 14

Koti lilifika nyumbani kwetu Kapsoya Jumatano saa mbili usiku, siku tatu kabla ya koito, yaani sherehe ya posa, ya wifi yangu. Lilikuwa limesafiri kwa matatu kutoka Nairobi, zaidi ya kilomita 300, na Baba Watoto ndiye aliyelichukua steji likiwa ndani ya kigunia cheupe. Mama mkwe alikuwa amefika mchana kutoka Moiben. Watoto walimzunguka bibi yao kitini, kila mmoja akitaka mkasi: "Kogo, fungua! Kogo, fungua!"

Nilikuwa nimeliona kwenye simu wiki mbili kabla. Koti la sufu, rangi ya damu ya mzee, ukosi mpana, vifungo vyeusi vikubwa kama shilingi ishirini. Muuzaji aliandika kwamba ni la zamani, tena la kamera, yaani lilitolewa kwanza robota lilipofunguliwa, kabla mikono ya wateja haijalifikia. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na Agosti mvua haina huruma. Nilitaka siku ya kupokea wageni Mama asimame uani akiwa na joto na heshima. Nilitaka pia iwe zawadi ya ghafla, kwa hiyo sikumpima. Namba niliichukua kwenye gauni lake la kanisani nililowahi kumfulia: 14. Nikamwuliza muuzaji koti ni namba ngapi. "14." Nikatuma shilingi 2,800 kwa M-Pesa, na 300 za kusafirisha.

Mama akasimama, mkono wa kushoto ukaingia vizuri. Wa kulia ukafika kwenye kiwiko ukagoma. Aliinua bega, akavuta pumzi, akajikaza ili asinivunje moyo, nami nikamsaidia kwa kuvuta ukosi kidogo. Tukasikia bitana ikichanika kwapani. Nyumba nzima ikanyamaza. Mama akalivua polepole, akalikunja mikono ndani kama anavyokunja nguo zake zote, akaliweka mapajani.

"Mwanangu, koti ni zuri," akasema. "Ni mimi niliyenenepa."

Maneno yale yaliniuma kuliko pesa. Mama aliyelea watoto sita na kukamua ng'ombe alfajiri miaka yote ile alikuwa anaomba msamaha kwa sababu ya namba iliyoshonwa kwenye kitambaa. Usiku huohuo nilimwandikia muuzaji. Akajibu kwamba mzigo ukishatoka haurudi. Baba Watoto akasema tulale, kesho ina fundi wake.

Alhamisi asubuhi nililipeleka koti kwa fundi wetu wa kushona mjini, karibu na Barabara ya Uganda. Alilipindua nje ndani, akalilaza mezani, akafunga vifungo, akaweka utepe kutoka kwapa hadi kwapa. Inchi 19. "Zidisha mara mbili," akaniambia. Thelathini na nane. Kisha akaniuliza kifua cha Mama ni inchi ngapi. Sikujua. Miaka kumi na moja nimekaa katika ukoo huu, najua chai yake inataka sukari kiasi gani, na kifua chake sikukijua.

Ndani ya mshono wa bitana kulikuwa na lebo nyingine ndogo, ya chama cha wafanyakazi wa kushona nguo za wanawake cha Marekani. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1900, na mwaka 1995 kikaungana na kingine, jina lake likakoma. Basi koti lilikuwa la zamani kweli. Muuzaji hakudanganya hapo. Na uzee huo ndio uliotuponza. Namba za nguo za wanawake hazijakaa mahali pamoja. Marekani walitoa kipimo cha taifa mwaka 1958, kwa kutumia vipimo vya wanawake wapatao 15,000 waliopimwa takriban miaka ishirini kabla. Katika kipimo hicho, namba 8 ilikuwa ya mwanamke mwenye kifua cha inchi 31 na kiuno cha 23 na nusu. Baadaye viwanda vikaendelea kupanua nguo huku vikishusha namba, ili mnunuzi ajisikie mwembamba. Mwaka 1983 kipimo hicho kikaondolewa, kila kiwanda kikabaki na chake. Ongeza Uingereza, ambako 12 ni kama 8 ya Marekani, na bara Ulaya, ambako mwili huohuo unaweza kuvaa 40. Nguo hizi zote huchanganyikana katika robota moja kabla ya kutufikia. Gauni la Mama la 14 lilikuwa la juzi. Koti la 14 lilikuwa la enzi nyingine.

"Ningeweza kuingiza vipande ubavuni," fundi akasema, "lakini bega halina siri. Likibana, limebana." Akashona kwapa, akanitoza shilingi mia moja, akanipa somo ambalo sokoni tunalijua sote. Ukitaka suruali bila kuivaa, unazungushia kiuno chake shingoni; ncha zikikutana, itakutosha. Koti unalivaa juu ya sweta, mwenye kibanda anakushikia kioo. Kwenye simu hakuna shingo wala kioo. Kilichobaki ni utepe.

Jioni nilimwomba Mama ruhusa nimpime. Alisimama katikati ya sebule, mikono imeachana kidogo na mwili, akitazama ukuta kwa adabu. Nilizungusha utepe chini ya makwapa yake: inchi 40. Bega hadi bega: 16 na nusu. Bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto, na aliponiona nimelitambua akaniambia ni la mtungi. Alibeba maji kutoka mtoni tangu akiwa msichana. Sikuwahi kuisikia habari hiyo. Koti la kuvaliwa juu ya sweta linataka nafasi ya inchi nne hadi sita zaidi ya kifua. Mama alihitaji 44 kwenda juu. Nilikuwa nimemnunulia 38.

Wifi yangu, aliyekuwa akitusikiliza kutoka jikoni, akalichukua koti akalijaribu. Likamkaa kana kwamba alisimamishwa mbele ya mshonaji. Mama akapiga makofi.

Ijumaa tulikwenda sokoni pamoja, Mama na mimi, utepe mfukoni. Nilipima makoti yaliyolazwa juu ya meza kabla hajajisumbua kuyavaa. La saba lilikuwa la kijivu, inchi 23 kwapa hadi kwapa, yaani 46. Akalivaa juu ya sweta, akainua mikono yote miwili, akajifunga vifungo mwenyewe. Shilingi 900.

Jumamosi mvua ilinyesha kuanzia saa nane. Wifi alipokea wakwe zake akiwa na koti la damu ya mzee, na mama yake akagawa maziwa ya mursik akiwa na la kijivu, mabega yake yamekaa huru.

Wewe unayenunua nguo za zamani kwa simu, usitume pesa kwa sababu ya namba. Mwombe muuzaji akupigie picha nguo ikiwa imelazwa, utepe umepita kwapa hadi kwapa, bega hadi bega, na mkono hadi kwenye pindo. Akikataa, mwache. Nanyi mnaouza, andikeni inchi chini ya kila picha. Na kama ni zawadi, mpime kwanza unayempenda, hata kama mshangao utapotea.

Vipimo vya Mama nimeviandika nyuma ya kalenda jikoni. Lile koti la kijivu halikuwa na namba yoyote. Lebo yake ilikuwa imekatwa.